Mlinzi wa Redio

Katika mwaka wake wa kwanza wa ndoa pale Ilomba, Rozalia hakugombana na jirani hata mmoja. Adui yake alikuwa redio ya mume wake.

Ilikuwa redio ya mbao, kubwa, ya kuendeshwa kwa betri ya gari. Saulo aliipata kwa mzungu mmoja aliyekuwa anafungasha virago kurudi kwao, akaileta nyumbani juu ya mkokoteni huku yeye mwenyewe akitembea pembeni na mkono mmoja juu yake, isije ikashtuka. Siku ile ile akaita majirani, akafungua mgongo wake, akaanza kuwafundisha: hizi taa, hizi nyaya, na hiki hapa, kidude cha kioo kisichofika hata kidole cha mtoto, kinaitwa fyuzi. "Hiki ndicho pumzi yake," alisema. "Ukikitoa hiki, umeua." Majirani wakatikisa vichwa kwa heshima. Rozalia, aliyekuwa anapitisha chai, alisikia kila neno na kuliweka akiba.

Kabla ya redio, maisha yalikuwa na nafuu. Saulo alifanya kazi reli, na treni ilipompeleka safari, Rozalia alibaki na nyumba yake. Mchana, kazi za jikoni zikiisha, aliketi sebuleni dirishani, jua likimpiga mgongoni, akasuka vikapu vya nyasi za milulu kama alivyofundishwa na mama yake huko Iringa. Mwezi wa sita na wa saba, Mbeya inapokuwa na baridi ya kutoa machozi, pale dirishani ndipo mahali pekee pa kukaa mtu mwenye akili.

Redio ikaleta baba mkwe.

Mzee Alinanuswe alikuwa ametoka Tukuyu kuja kutibiwa mguu, akafikia kwa binti yake mkubwa, Yudith, nyumba chache tu kutoka pale. Alipopata habari kwamba mwanawe ana redio, mguu ule mbovu ukapata nguvu za ajabu. Kila siku baada ya chakula cha mchana alikuja taratibu na fimbo yake, akasimama kwenye ua, akakohoa. Kikohozi kile hakikuwa cha ugonjwa. Kilikuwa cha adabu, na maana yake ilikuwa moja: mkwe, toka.

Rozalia ni Mhehe, mzaliwa wa vilima vya karibu na Tosamaganga, na kwao baba mkwe anaheshimiwa, lakini unamwamkia na kumpa maji ya kunawa. Ukoo wa akina Saulo ulikuwa wa Wanyakyusa wa kushika mila. Siku ya pili tu ya ndoa, Yudith alimkalisha wifi yake chini na kumweleza kwamba mke wa mwana haonani na baba mkwe. Akikutana naye njiani, aingie migombani. Akiingia nyumbani, atoke kwa mlango wa nyuma. Jina lake asilitaje. "Na siku utakayosimama naye uso kwa uso," Yudith alimalizia, "wataitwa wazee. Kuna mmoja alirudishwa kwao na mabegi yake, na alikuwa mzuri kuliko wewe."

Basi kila mchana kikohozi kikilia, Rozalia alikurupuka na kikapu chake nusu kimesukwa, akakimbilia jikoni, kibanda cha mabanzi nyuma ya nyumba kinachopitisha upepo kila upande. Huko alikaa mpaka jioni, vidole vimekufa ganzi, akisikiliza mtangazaji akisema mambo ya pamba na mpira, na mzee akiitikia "Eee! Eee!" kama vile wanajuana. Mara nyingine mzee alikaa hata baada ya vipindi anavyovipenda kwisha. Rozalia alihesabu habari, akahesabu nyimbo, na hasira yake ikapanda siku hata siku.

Siku moja, mzee akiwa bado hajafika, alichukua kisu cha mezani, akafungua mgongo wa redio na kuichomoa ile fyuzi. Alikuwa na furaha hata akaimba kidogo, wimbo wa Kihehe wa kutwangia. Fyuzi akaifunga kwenye pindo la khanga, akarudisha skrubu zote mahali pake, akafuta vumbi.

Mzee akaja, akakohoa. Rozalia akatoka kwa heshima zote na kutega sikio jikoni. Alisikia kitufe kikizungushwa, kimya. Kikazungushwa tena mpaka mwisho, kimya vilevile. Muda si mrefu akasikia fimbo ikitoka, ko, ko, ko, kuelekea kwa Yudith. Akarudi dirishani kwake na kusuka mpaka jua likazama. Hakuna malkia aliyewahi kukaa vizuri namna ile.

Raha hiyo ilidumu siku hiyo hiyo moja.

Saulo aliporudi kutoka safari na kuambiwa kwamba redio imegoma, alianza na matibabu anayoyajua kila mtu. Aliipiga kofi la ubavuni. Alipuliza nyuma. Alikaza nyaya za betri, akaipeleka betri kuchajiwa, akairudisha, na redio ikakaa kimya. Ile fyuzi aliyoihubiri mbele ya majirani hakuikumbuka kabisa. Yudith naye alikuja, akaweka mkono juu ya mbao, akaomba kwa sauti kubwa, na alipofumbua macho akamwambia kaka yake kwamba kuna mtu katika nyumba hii hana imani. Mwishowe akaitwa Philbert, fundi redio wa Mwanjelwa.

Philbert alifungua mgongo, akachungulia, akacheka.

"Hii mbona haina fyuzi?"

"Haina vipi?" Saulo akashangaa.

"Imetolewa. Njoo uone mwenyewe, pako wazi."

Rozalia alikuwa nyuma ya ukuta wa jikoni, sikio limebanwa kwenye ubao. Fyuzi ilikuwa pindoni, na sasa ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia.

Ndipo mzee Alinanuswe, aliyekuwa kwenye kiti chake, akagonga fimbo sakafuni. "Mwizi!" alisema. "Mwizi kaingia humu!"

"Mwizi gani, mzee, aibe fyuzi aache redio?" Philbert aliuliza.

"Redio nzito. Kaanza na kilicho chepesi. Atarudi."

Saulo akaona neno lina ukweli ndani yake. Philbert akasema basi, wakati wanatafuta fyuzi nyingine, na madukani hakuna, anaweza kuweka karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti ya sigara, na redio italia saa hii hii. Mafundi wote wanafanya hivyo. Mzee akakataa katakata.

"Nyumba ya mwanangu isiungue kwa karatasi ya sigara. Tutasubiri fyuzi yenyewe. Na mimi nitailinda hii redio. Yudith, lete mkeka wangu na blanketi. Nahamia hapa."

Jikoni, Rozalia akakaa juu ya kinu.

Na kweli akahamia. Mkeka wake ulitandikwa mbele ya redio, na mzee akawa haondoki isipokuwa kwenda uani kidogo, tena Saulo au Yudith akiwa pale kushika lindo. Rozalia, aliyekuwa anafukuzwa nyumbani kwake mchana tu, sasa alifukuzwa moja kwa moja. Alilala kwa Benedicta, jirani mwenye asili ya Iringa kama yeye. Alipikia kibandani, chakula akampa Saulo kwa mlango wa nyuma. Mume na mke wakawa wanazungumza uani, khanga zikiwa zimeanikwa kati yao, kama wachumba wanaojificha.

"Vumilia, mke wangu," Saulo alimwambia. "Baba anatulinda."

Kumwambia ukweli asingeweza. Saulo alikuwa mtu mwema, lakini siri kwake ilikuwa haikai. Angemwambia Yudith kabla hajavua viatu. Na Yudith asingehitaji zaidi ya hapo. Mwanamke anayemkimbia mkwe wake anaheshimika. Mwanamke anayemwibia mkwe wake redio masikioni, huyo mabegi yake yangetangulia stendi. Rozalia alimpenda Saulo, aliipenda nyumba ile na dirisha lake, na hakutaka kumrudia mama yake Iringa kwa sababu ya kidude cha kioo. Njia ilikuwa moja tu: airudishe fyuzi mahali pake, kimya kimya, mzee akiwa hayupo.

Tatizo mzee hatoki.

Kwanza alimtuma Benedicta apite na habari kwamba kwa mchungaji kuna kwaya ngeni kutoka Rungwe. Mzee akasema kwaya nzuri husikika hata kwa mbali. Akamtuma tena, kwamba huko chini wamechinja ng'ombe na wazee wanaitwa. Mzee akasema wamletee fungu lake pale pale. Ndipo Rozalia akachukua pilipili kavu mikono miwili, akazimwaga kwenye makaa, na kupepea moshi kwa ungo uelekee sebuleni. Kuku wote walihama ua. Benedicta alilia machozi upande wa pili wa uzio. Sebuleni mzee alipiga chafya mpaka fimbo ikaanguka, kisha akasikika akisema, "Dawa nzuri sana hii. Kifua kimefunguka."

Benedicta alicheka hadi akajishika ubavu. "Dada, yule mzee anakuchezea," alisema.

"Anichezee kwa lipi, na hanijui hata sura?"

Siku iliyofuata Saulo alikuwa safarini na Yudith yuko kwake anapika. Rozalia alikuwa uani anachambua mchele, na mlango wa nyuma ulikuwa wazi, pazia tu likiwa katikati. Mara akasikia sauti ya mzee, ya upole, akizungumza. Akadhani kuna mgeni. Hapakuwa na mgeni. Mzee alikuwa anaongea na redio.

"Wewe redio," alisema, "pole sana. Mimi na wewe tumekaa hapa kama wafungwa, na aliyetufunga yuko nje anachambua mchele."

Mkono wa Rozalia ulisimama ndani ya ungo.

"Siku ile niliwahi kufika," mzee aliendelea. "Nilikaa kwenye ngazi pale mbele kupumzisha mguu, bado sijakohoa. Nikasikia skrubu zinalia. Nikasema labda mwanangu amerudi. Halafu nikasikia mtu anaimba. Hebu niambie, redio, wewe umezunguka dunia: mwizi gani wa Ilomba anaimba Kihehe?"

Rozalia alihisi uso unawaka hadi kwenye masikio. Kujibu asingeweza, maana mkwe hasemi na baba mkwe. Lakini palikuwa na kuku mmoja jasiri aliyekuwa amerudi kuokota punje, na kusema na kuku hakujakatazwa na ukoo wowote.

"Wewe kuku," alisema, "kama watu walijua siku ile ile, mbona hawakusema?"

"Redio, kuna watu wanauliza mbona sikusema," mzee alijibu. "Fundi alipoona pako wazi, wangeanza kuulizana. Nani alikuwa nyumbani? Nani anajua kufungua? Yudith angefika kwa mhusika kabla ya jioni. Ndiyo maana nikapiga kelele za mwizi. Mwizi hana ndugu, hana anayemwonea haya."

Rozalia aliyatafakari maneno hayo. Siku zote zile, alizokuwa akimpelekea moshi wa pilipili, mzee alikuwa amemkinga. Aibu ilimshika, na pamoja na aibu, hamu ya kucheka.

"Kuku," alisema, "sasa si wangeondoka tu, kitu kikarudishwa?"

"Ningeondoka kungekuwa hakuna raha," mzee aliiambia redio. "Nilitaka nijue atakuja na ujanja gani. Ule wa ng'ombe ulikuwa hafifu. Wa pilipili ulikuwa mzuri. Lakini sasa nimechoka, redio, nataka kukusikia. Mimi nageuza kiti natazama ukuta. Mtu anayetazama ukuta hajui nani anapita nyuma yake."

Kiti kikaburuzwa. Rozalia alitazama kulia, akatazama kushoto. Akajifunika khanga ya pili kichwani mpaka puani, akageuka, akaingia sebuleni kinyumenyume, akipapasa kwa kisigino. Ndivyo walivyokuwa, mmoja anatazama ukuta, mwingine anatazama pazia, wamepeana migongo. Akagonga meza kwa kiuno. Akapiga magoti, akafungua mgongo wa redio kwa kisu cha mezani, akalifungua pindo la khanga kwa meno na kuisukuma fyuzi mahali pake.

Kimya.

Akaitikisa. Kimya vilevile. Moyo ukamlipuka: ameiharibu, labda imevunjika pindoni. Alisahau kwamba redio za namna ile ni kama mzee anayeamka usingizini, lazima zipate moto kwanza. Akabaki pale amepiga magoti, anaomba watakatifu wote wa Tosamaganga, na alipokata tamaa ndipo taa ndogo za ndani zilipoanza kuwa nyekundu. Ukasikika mvumo. Kisha, kwa kuwa kila mtu aliyeijaribu alikuwa ameacha kitufe mwisho kabisa, sauti ya mtangazaji ikapasuka sebuleni na kutikisa vikombe kabatini.

"Eee!" mzee akapiga ukelele, akageuka na kiti chake. Rozalia naye aliruka akageuka, khanga ikamdondoka mabegani. Wakawa uso kwa uso.

Na mlangoni alikuwa amesimama Yudith.

"Baba!" alipiga kelele kushinda redio. "Mkwe wako! Mkwe wako yuko mbele yako!"

Rozalia hakuweza kukimbia. Aliona wazee wameketi kwenye mduara, akaona mabegi, akaona mama yake akifungua mlango na kumtazama bila kuuliza.

"Wapi?" mzee aliuliza.

"Hapo! Anakutazama!"

"Mimi simwoni mtu," mzee alisema, akageuza uso na kutabasamu kwa upole kuelekea kabatini.

Rozalia alikuwa upande mwingine kabisa.

"Baba, usimfiche!" Yudith aliwaka, akaingia ndani. Kisha akapunguza mwendo. Alimtazama baba yake, akatazama kabati, akamtazama tena. "Zima hiyo kelele," alimwambia Rozalia bila kugeuka, na Rozalia akarudisha kitufe mpaka mtangazaji akawa ananong'ona.

"Baba, nimeshika nini?"

Mzee alivuta pua. "Ndizi."

"Ziko kwenye nini?"

Mzee alivuta pua tena. "Sahani," alisema.

Yudith alikuwa ameshika sufuria.

Yudith aliinua mkono wake mtupu, akaupitisha mbele ya uso wa baba yake, karibu kabisa, na yale macho hayakupepesa.

"Tangu lini, tata?" aliuliza, akimwita baba kwa Kinyakyusa, na sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Tangu masika."

"Na ule mguu?"

"Mguu mzima. Ulikuwa unatembea polepole kwa ajili ya macho."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema mngenirudisha Tukuyu nikakae pembeni mwa moto, watu wananipitia. Hapa palikuwa na redio. Hii inaniambia kila kitu, na haijui kama naona au sioni."

Rozalia aliinamisha kichwa na machozi yakamtoka waziwazi. Mzee angeweza kunyamaza Yudith alipopiga kelele pale mlangoni. Angeweza kukasirika, au kusema amelala. Alikuwa ameificha siri ile tangu masika, kwa watoto wake mwenyewe, na ameitoa sasa ili mke wa mwanawe asirudishwe Iringa. Na yeye ndiye aliyemnyima redio kwa ajili ya joto la dirishani. Alijiona mdogo, mdogo sana, akaanza kurudi nyuma taratibu kuelekea pazia.

"Wewe unakwenda wapi?" Yudith aliuliza.

"Jikoni, wifi."

Yudith alifuta macho kwa pindo la kitenge, akaweka sufuria mezani kwa kishindo, maana hakupenda kuonekana amelia. "Jikoni kufanya nini? Unasikia mwenyewe, haoni. Saulo yuko reli, mimi nina watoto. Nani atakuwa anamgeuzia stesheni? Nani atamwongoza akienda uani?" Akavuta kiti kilichokuwa dirishani, akakisukuma mpaka ubavuni mwa redio. "Wazee nitasema nao mimi. Kaa hapo, wifi."

Rozalia akakaa, nusu ya kiti tu. Mbao zikalia.

Mzee aligeuza uso, safari hii akaupata upande wenyewe.

"Nani huyo amekaa?" aliuliza, na kila mtu mle ndani alijua kwamba anajua.

"Mkwe wako," alisema Yudith.

Mzee alishika fimbo yake kwa mikono miwili, akakaa sawasawa kama mtu anayejiandaa kupokea wageni.

"Rozalia," alisema, "habari zinakwisha. Pandisha sauti kidogo."

"Ndiyo, baba," alisema Rozalia, akapandisha.